Gonga Kwanza, Soma Baadaye

Kwa miaka ishirini na sita Bi Mwanahawa, karani wa masjala, alipokea barua zote za ofisi kwa mtindo mmoja: kugonga muhuri kwanza, kusoma baadaye. Asubuhi hiyo aligonga barua kumi na moja mfululizo, pu, pu, pu, kisha akaivuta ya mwisho na kuanza kuisoma.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Chande, hebu njoo," alimwita dereva aliyekuwa akinywa chai dirishani. "Nisomee wewe. Labda ni macho yangu."

Chande akasoma kwa sauti. Serikali imesitisha nyongeza za mishahara. Ofisi ambayo nyongeza yake itakuwa haijaanza siku itakapoupokea waraka huu, isiianze tena.

Nyongeza yao, ya kwanza baada ya miaka sita, ilikuwa ianze kesho.

"Dada, umeshagonga?"

Bi Mwanahawa akaonyesha kwa kidole. Muhuri ulikuwa pale juu ya waraka, mwekundu, na tarehe ya leo katikati.

"Mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu!"

Mkuu wa ofisi, ambaye mwaka jana tu alimwandikia mtu onyo kwa kufuta tarehe kwenye barua, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliingia, akafunga mlango kwa komeo. Kisha akauinamia waraka, akaugusa muhuri kwa ncha ya kidole.

Kidole kikatoka na wino, bado mbichi.