Asali ya Mwenyekiti

Sikukuu ya nyuki-mwitu ilikuwa imepamba moto, watoto wamevaa mabawa ya karatasi, lakini Bi Mwatabu hakucheka na mtu. Miaka tisa alikuwa akiwalinda nyuki wa pangoni, na asubuhi ile alipopita hakuwasikia wakivuma.

Shomvi, mwenyekiti wa sikukuu, akamnyooshea kijiko cha asali.

"Onja, mama. Nimeinunua ng'ambo ya mto."

Akaonja. Ilikuwa tamu, ila ndani ya utamu ule kulikuwa na ladha ya moshi, kama asali ya nyuki waliochomwa moto.

"Nani amekuuzia?"

"Mtu tu. Hata jina simjui," alijibu Shomvi, akitazama pembeni.

Jua lilikuwa kali, kila mtu anajipepea, naye amevaa glavu nyeupe hadi viwikoni.

"Hongera kwa shughuli, mwenyekiti," alisema Bi Mwatabu kwa sauti. "Vua glavu basi, tupeane mkono."

Waliokuwa karibu wakageuka kutazama. Shomvi akajichekesha, akaanza kuvuta glavu taratibu, kidole kimoja kimoja, uso umemkunjamana kwa maumivu. Nyuki mmoja akatua kwenye ukingo wa mtungi wa asali, akatulia pale.