Homa ya Jumatatu

Hakuwa na barakoa, hakuwa na dirisha pale alipochomelea vyuma, hakuwa na ndugu wa kumweleza siri yake. Mke alikuwa naye, na huyo mke ndiye aliyemtia hofu.

Kila Jumatatu jioni mambo yalikuwa yaleyale. Anarudi kutoka karakana, anakula, na kabla sahani haijaoshwa meno yanagongana. Mdomo unaonja chuma, kifua kinabana. Mkewe anaketi kando ya kitanda akimfuta jasho, na mkono ule aliuogopa kuliko homa yenyewe.

"Baba watoto, labda ni ule moshi mweupe wa mabomba yenu."

"Moshi nauvuta siku sita! Jumanne mpaka Jumamosi niko imara. Nikishinda hapa Jumapili nzima, ndipo naumwa. Kuna nini humu ndani?"

"Jamani, si tunakula sahani moja? Labda mwili unauzoea moshi wiki nzima, ukipumzika Jumapili unausahau."

Hilo nalo akaliona ujanja.

Akaamua kupima. Jumapili mbili mfululizo hakurudi nyumbani. Alilala karakana, akachomelea mabomba yaliyopakwa zinki hadi jua likazama, akala mkate mkavu. Jumatatu zote mbili hakutetemeka hata kidogo.

Akakaa juu ya pipa, akalia. Miaka kumi na moja ya ndoa, na bado alikuwa anampenda.

Barua aliiandika palepale kwenye benchi, wenzake wakiendelea na kazi, moshi umetanda juu ya vichwa vyao kama pamba. Aliandika kwamba harudi tena, watoto abaki nao, na asimtafute.

Msimamizi, mzee aliyekohoa kabla ya kila neno, akachungulia begani kwake.

"Ni mama watoto?"

"Ndiye, mzee. Kila Jumatatu homa. Nimeshinda huku Jumapili mbili, nimepona kabisa."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. Akavuta droo, akachomoa bahasha kwenye rundo nene.

"Pole, mwanangu. Wangu alinifanyia hivyohivyo, nikamwacha. Huyo anayekata mabati, wake naye. Yule tuliyemzika mwaka jana, wake naye. Sote saba humu, homa ileile, Jumatatu ileile. Hawa wanawake, sijui wanaelewana vipi!"

Fundi akailamba bahasha, akaibana vizuri kwa kidole gumba, akamkabidhi dereva wa lori aliyekuwa anaondoka.