Ufito wa Mzee Crowell

"Mama, njoo na futi! Nimemnasa! Ni mkubwa, mkaidi, tena hana akili hata chembe!"

Winslow Crowell alikuwa akipiga kelele kwenye simu aliyoibana kwa bega, ufito wa kuvulia umempindia mikononi na maji baridi ya Juni yanamfika kiunoni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeifunika pwani ya Cape Cod gubigubi. Ncha ya ufito wake mwenyewe haikuonekana, sembuse ng'ambo ya mkondo. Mawimbi yalinguruma kwenye kizingiti cha mchanga hata mtu hakuweza kusikia zaidi ya hatua chache.

Mama yake, Lorraine, aliteremka kutoka nyumbani bila haraka yoyote. Alikuja na kiti cha kukunja, chupa ya kahawa, donati mfukoni na ile futi yake ya kupimia nguo. Alikwisha kuitwa hivyo mara nyingi, na mara nyingi alikuwa ameitiwa mwani.

Samaki wa milia, ambaye ndiye aliyewindwa pale, akishakuwa mkubwa kiasi kile, sheria haikuruhusu uondoke naye. Unampima, unambusu ukipenda, unamrudisha majini. Kinachobaki ni maneno ya mvuvi, na maneno ya mvuvi kila mtu anayajua. Ndiyo maana Winslow na mdogo wake Thayer walihitaji shahidi, na jicho pekee walilokubaliana kuliamini lilikuwa la mama yao. Jambo jingine la kukubaliana hawakuwa nalo. Tangu wamzike baba yao hawajasemezana.

Waligombea ufito wake. Ulikuwa wa mwanzi, umetundikwa jikoni juu ya mlango, na mzee aliacha neno kwamba utakuwa wa mwana atakayempata samaki mkubwa kuliko wake, wa inchi hamsini, kwa chambo cha manyoya na si kwa minyoo. Majira yakaja, majira yakaenda, samaki huyo asionekane. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lorraine akalima kweli. Akapanda maharage, kisha akawapa wanawe taarifa: kiangazi hiki kikiisha bila mshindi, ufito huo atausimika bustanini maharage yaupande.

Basi Winslow alivuta kama mtu anayevuta urithi.

"Anaruka?" mama aliuliza, akijimiminia kahawa.

"Haruki. Anavuta tu."

"Anatikisa kichwa?"

"Wala. Nikivuta, naye anavuta. Nikipumzika, naye anapumzika. Ana kiburi huyu, Mama! Sijapata kuona."

"Mimi nimepata," alisema Lorraine.

Simu yake ikaita. Aliitazama, akafuta sukari vidoleni.

"Nani huyo?"

"Mdogo wako."

"Usipokee!"

Akapokea. Alisikiliza kidogo, akaitikia "eeh, mwanangu" mara mbili tatu, akairudisha simu mfukoni. Kisha akageuza kiti chake kidogo kuelekea mkondoni.

"Anataka nini?"

"Kile kile unachotaka wewe."

Winslow akacheka kwa dharau. "Mwache aote. Mama, nikwambie kitu: samaki kama huyu hashindwi kwa nguvu, anashindwa kwa akili. Thayer hana mkono huo. Thayer angemkokota kama ndama anayepelekwa josho..."

Hakumaliza. Mshipi ulivutwa kwa nguvu hata akapiga magoti, maji yakamwingia ndani ya suruali yake ya mpira ya kuvulia, inayofika kifuani, iliyomgharimu mshahara mzima. Akainuka anatema chumvi na kutukana.

"Akili hiyo," mama akasema. "Endelea, nakuona."

Winslow alizungusha kigurudumu cha kukunjia mshipi, na mara sauti yake ikabadilika. "Laiti Baba angekuwepo. Maisha yake yote hakupata kuniambia, 'Winslow, umevua vizuri.' Hata siku moja."

"Hata Thayer hakuambiwa."

"Thayer alikuwa kipenzi chake!"

"Hivyo ndivyo Thayer anavyosema juu yako," alisema Lorraine. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa akitania. Lakini mwanawe hakuwa na sikio la bure. Samaki alikuwa amelegea.

"Amechoka! Mama, kunjua futi! Nimemweza!"

Maji yalikuwa yamefika mwisho wa kupwa. Mkondo ukasimama, mngurumo wa kizingitini ukapungua, na upepo mwembamba ukaanza kuuchana ukungu vipande vipande. Winslow alivuta kwa uzito wake wote. Mshipi ukapanda, ukatoka majini, ukanyooka juu ya maji kama kamba ya kuanikia nguo.

Lorraine hakukunjua futi. Alimwaga masazo ya kahawa mchangani, akafunga chupa, akakunja kiti chake.

"Unakwenda wapi? Mama! Shahidi haondoki!"

"Maharage yangu yameanza kutambaa," alisema. "Yanataka mti leo leo."

Ukungu ukafunguka. Ng'ambo ya mkondo, Thayer Crowell alikuwa amezama hadi kiunoni, kofia imemshuka machoni, ufito wake umepinda kuelekea kwa kaka yake, mishipi yao imenasana, simu ameibana kwa bega. Simu ya Lorraine iliita tena, lakini safari hii haikuhitaji kupokewa.

"Mama, njoo na futi! Ni mkubwa, mkaidi, tena hana akili hata chembe!"