Kitambaa Cheupe cha Maryanne

Kila kitu kiliharibika Ijumaa, tarehe nane Agosti, siku Maryanne alianguka kijijini Ewuaso akifundisha wanawake wimbo mpya. Presha. Walimpakia kwenye pikapu ya maziwa, na kabla hospitali haijaonekana alikuwa amekata roho.

Mumewe, Wangila, hakuambiwa nao. Wakubwa wa Umoja wa Tabitha walimpigia Beverlyne, dada ya Maryanne, ndipo Beverlyne akampigia yeye. Mtu ana mume wake wa ndoa, halafu unapigia shemeji? Hiyo peke yake ilimtosha Wangila. Mwili ulipokuwa unaenda Webuye kuzikwa, alimtuma Beverlyne akawaambie hao wanawake kwamba atakayekanyaga kaburini na sare yao, atairudisha Kitengela ikiwa matambara. Alitegemea Beverlyne amkatalie. Beverlyne akasema sawa, tena haraka.

Kazi ya Maryanne iliitwa mlezi wa matawi. Umoja huo wa akina mama una matawi kila mahali penye vumbi Kajiado, na mlezi ndiye anatumwa na begi lake. Leo analala kwa huyu, kesho kwa yule. Anafundisha nyimbo na sheria, anaamua wanaogombania uenyekiti, tawi likioza analifunga. Wakubwa wanakaa Kitengela kwenye sofa wakipuliza chai. Vumbi anakula yeye.

Jumapili jioni angerudi Nkoroi, nyumbani, sare imekunjwa chini kabisa ya begi, aingie jikoni moja kwa moja. Wangila alikuwa akimwuliza: umeolewa na mimi ama na hao? Maryanne alikuwa akisonga ugali tu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Wangila aliona ni uchovu. Walikuwa wamemmaliza.

Basi aliposikia kuna siku ya kumwapisha mlezi mwingine, alivaa koti. Beverlyne alimsihi asiende. Alipoona hasikii, akamfuata.

Kwanza walipita Kisaju kuchukua vitu vya marehemu kwa bibi mmoja, Kuntai, ambaye Maryanne alikuwa akilala kwake. Beverlyne alibaki barabarani, akasema kichwa kinamuuma.

"Sopa," bibi alimsalimu kwa Kimaasai, akimwangalia Wangila kutoka juu mpaka viatu.

"Ipa."

Kuntai alimpa begi dogo, kisha akamwambia wazi kwamba watu wa kwao Maryanne hawana adabu. Waliwanyima mazishi. Huyo mama alikuwa wao pia. Alikuwa akiimba hata akioga, na akicheka, majirani wanakuja kuuliza kuna nini.

Wangila alidhani bibi amechanganya watu. Maryanne kuimba? Kwake hata redio ilikuwa imezimwa.

"Na vile alikuwa amepitia mambo," Kuntai alisema, akitikisa kichwa. "Mungu alimrudishia kicheko."

Wangila alifungua begi. Ndani mlikuwa na sabuni, kandambili, na kitambaa cha kichwa, cheupe, kilichopigwa pasi vizuri. Alikibana mkononi mpaka wakafika Kitengela.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa vitambaa vya bluu. Mbele tu ndiko kulikuwa na safu ya weupe, wamama wa makamo na wazee, na kati yao mlezi mpya, Aketch, amepiga magoti. Wangila aliona kitambaa cheupe kichwani mwa Aketch na damu ikamchemka. Kumbe hivi ndivyo wanawatia alama wale wa kuchinjwa.

Hakungoja maombi yaishe. Alitembea katikati ya viti, kitambaa cha Maryanne kikiwa juu, akawaambia yote. Kwamba wanatuma mwanamke mgonjwa kwenye barabara za murram kwa pikipiki, na wao miguu yao haijui vumbi. Kwamba walimwachia mtu baridi ya kitanda na sufuria tupu, wala hawakumpa hata pole. Nyuma mwanamke mmoja alisema huyu amelewa. Katibu wao, Makena, aliinuka kwenda kumwita mlinzi. Mwenyekiti, Mama Virginia, akamshika mkono akae.

"Sikutaka chai yenu wala maua yenu," Wangila alisema. "Nataka mseme hapa, mbele ya hawa wote, kabla hamjamtuma huyu mwingine. Mliua mke wa mtu."

Virginia alivua miwani.

"Mke wa nani?"

"Wangu. Niko na cheti cha ndoa. Niko na picha. Uliza huyu, ni dada yake."

Wote waligeuka. Beverlyne alikuwa amesimama mlangoni, macho kwenye saruji. Virginia alimngoja. Alimngoja sana.

Halafu akashuka jukwaani, polepole, akasimama mbele ya Wangila. Hakuwa na hasira. Wangila angependa awe nayo.

"Baba, sisi hatutumi mke wa mtu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mlezi. Aliye na mume anavaa bluu na analala kwake." Alichukua kitambaa kutoka mkononi mwake, akakikunja taratibu, kona kwa kona. "Cheupe ni cha wajane. Hiki nilimfunga mimi mwenyewe, siku alikuja kutuambia amemzika mumewe. Tulilia naye hapa hapa. Sasa tuambie, baba, wewe ni nani?"