Nyama ya Asmaa

Asmaa alipofungua mlango wake pale Ngamiani, alimkuta kijana asiyemjua, koti la mtumba likimpwaya, anahema kwa furaha.

"Shikamoo, bibi! Natoka maabara, Dar es Salaam. Tumechunguza alama za urithi za ile saratani iliyotolewa utumboni mwako. Zinaonyesha haielekei kurudi!"

Asmaa alipiga kigelegele, hata marahaba akaisahau.

"Na nyama yangu, mwanangu? Mliniahidi mtairudisha izikwe."

Kijana akatoa kisanduku cha kiberiti mfukoni. Ndani mlikuwa na kibonge cha nta ya kuhifadhia, na katikati yake kinyama kidogo kama ukucha.

"Ndiyo hii iliyobaki, bibi. Nikikuachia, utafiti wangu unaishia hapa."

Asmaa alimnyooshea kiganja.

Kijana akavua koti, akaomba jembe.