Ngeli ya Mama

Salehe alishabonyeza kitufe, na sasa alianza kujuta.

Toleo jipya la Itika lilikuwa limeingia kwenye Mama. Alama ya kijani ilitakiwa irudi kwenye kioo cha kompyuta yake. Haikurudi.

Mama ni mashine. Imewekwa kwenye chumba cha uani nyumba ya pili, hapo hapo Mafiga, kwa Bi Mwaisha, na Salehe huiendesha akiwa chumbani kwake. Kazi yake ni kujua majina. Mganga wa zahanati akiandika jina la benki ya damu kwenye kompyuta, Mama ndiyo inayojibu jina hilo lina namba gani, na ombi linapita. Mama ikinyamaza, zahanati zote za mlimani zinapiga kelele msituni.

Programu inayoiendesha, Itika, ni ya bure, na yeyote anaweza kuifungua akaona ilivyoshonwa. Wanaoitunza na kuiandikia mwongozo ni wawili: Salehe, na Chausiku, binti wa Bi Mwaisha. Juzi mtu wa mbali aliwaandikia kwamba ina tundu, kwamba mhuni akilijua ataifanya itoe namba za uongo. Chausiku akaziba tundu, akamkabidhi Salehe toleo jipya, na asubuhi hii akapanda bodaboda kuelekea stendi. Alikuwa anakwenda Dakawa kufunga mashine ya pili, Mtoto, kwa wakulima wa mpunga.

"Nakuachia Mama," alisema, kofia ya pikipiki ikiwa imemmeza nusu ya uso.

"Nenda dada, tutaelewana."

Kitu kimoja Chausiku hakitanii: mwongozo. Salehe aliwahi kuandika humo, "Mama asipojibu, subiri." Chausiku akafuta, akaweka, "Mama isipojibu, subiri," na pembeni akaongeza: "Seva haina roho. Ngeli ya I-ZI."

"Dada, hilo jina la mzazi," Salehe alimwambia. "Unamwita kama sufuria?"

"Mama yangu ni mama yangu. Ile ni sufuria yenye waya."

Walibishana wiki nzima. Mwisho Salehe akaweka dau la soda: ipo siku utateleza.

Bi Mwaisha mwenyewe aliiita ile mashine mke mwenza. "Yeye kawekewa feni, mimi najipepea na kanga," humsimanga Salehe kila asubuhi juu ya uzio wa michongoma, shikamoo haijamtoka vizuri mdomoni. Leo hakutokea. Ilisikika redio yake tu, taarabu juu ya taarabu. Salehe alishukuru. Siku ya kubadilisha toleo si siku ya kusimangwa.

Simu ikaita. Chausiku.

Hakupokea. Kanuni ya kwanza ya mwongozo, mkono wa Chausiku mwenyewe: ukiwa unarekebisha, usipokee simu, pokea maandishi. Ikaita tena. Akaizima sauti. Ndipo ujumbe ukaingia.

"Mama hajibu. Najaribu tangu asubuhi. Uko karibu, hebu mwangalie haraka."

Tangu asubuhi? Toleo lenyewe lina dakika chache. Dada amechanganyikiwa, Salehe akawaza. Kisha, pamoja na jasho lote lile, akacheka. Hajibu. Mwangalie. Ameteleza mara mbili kwenye ujumbe mmoja. Akauhifadhi kama ushahidi.

"Nimeona," akaandika. "Niko naye hapa."

"Ana nini?"

"Sijajua. Nipe muda, usipige."

Akaanza kusoma faili la majina, mstari kwa mstari. Ujumbe mwingine ukaingia, huu wa Yakobo, mganga wa zahanati moja ya huko juu Uluguru. "Kaka, ombi la damu haliendi. Nina mzazi hapa, damu haikatiki."

Kicheko kikamkauka. Akarudi mwanzo wa faili, akaanza upya.

Adhana ya adhuhuri ikapigwa. Ng'ambo ya michongoma taarabu iliendelea kwa sauti ile ile. Bi Mwaisha, ambaye huipunguza redio kabla mwadhini hajamaliza neno la kwanza, leo alikuwa amejisahau. Salehe akainuka, akafunga dirisha, akarudi kusoma.

"Kaka Salehe," Yakobo akaandika. "Kaka."

Akaiona. Nukta.

Katika faili lile kila jina kamili huisha na nukta, na asubuhi, akihamisha jina la benki ya damu, alikuwa ameisahau. Toleo la zamani lilivumilia uzembe. Hili jipya lilikuwa limesusa kazi yote kwa ajili ya kidoa kimoja. Akakiweka. Akaiwasha Mama upya. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akangoja.

Kijani.

"Limepita," Yakobo akaandika. Baadaye kidogo: "Wamejibu. Gari la damu linapanda."

Salehe akaegemea kiti, akapumua kama mtu aliyeshusha gunia. Ndipo akamkumbuka Chausiku. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wake, mmoja juu ya mwingine, wote neno moja: "Yukoje?"

Sasa yu-ko kabisa. Akatabasamu, akaandika:

"Mama mzima kabisa. Anajibu fasta kuliko jana. Nadai soda, iwe ya baridi."

Jibu lilifika kabla hajaiweka simu mezani.

"Alhamdulillahi. Nilishaanza kulia huku mbele za watu. Mpe simu niongee naye."