Wamossi Wote Mbele

Wenye bunduki waliwasimamisha watu wote kwenye njia ya sokoni. "Wamossi, piteni mbele!"

Yamba alikuwa Mmossi, na chale alizochanjwa mashavuni utotoni zilimtangaza. Akavuta kilemba, akafunika uso hadi machoni. Kando yake alisimama rafiki yake wa kabila la Wasamo, watani wa Wamossi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimchokoza, "Mtumwa wangu, kaza mwendo!"

Mwenye bunduki mmoja akawasogelea. "Huyu kajifunikia nini?"

"Ni Msamo mwenzangu, mkubwa," rafiki yake akajibu, bila utani. "Ndugu yangu kabisa. Jino linamsumbua."

"Ndugu yako? Basi mfungue wewe, tumwone."

Vidole vya rafiki yake vikagusa fundo la kilemba. Akaanza kulilegeza, taratibu.